Harufu ya Biro Yetu

Wakati wa Zaire nilikuwa karani katika biro moja ya bandari hapa Kalemie. Niliporudi kutoka safari ya Nyunzu, nilikuta biro inanuka vibaya. Mimi, bingwa wa usafi, nikamuambia shefu kwamba Mama Feza, mufagiaji wetu, ni muvivu. Akafukuzwa. Nikasugua sakafu mwenyewe, harufu ikazidi.

Siku ya nne Mama Feza alikuja kuomba arudishwe kazini. Alipofika karibu na meza yangu, akanusa.

“Papa Kalunga, fungua hicho kisanduku cha meza yako.”

Nikafungua mbele ya wote. Ndakala mbichi, wale samaki wadogo wa ziwa, nilizozisahau humo kabla ya safari zilikuwa zimejaa funza.

Hakuna aliyecheka. Mama Feza akaniuliza polepole, “Papa, wanangu wamelala njaa kwa sababu ya hizi?”