Wawili kwenye Karatasi

Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ya wazee, upande wa Roret, nilikabidhiwa kazi ya kupanga zamu. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya ustawi wa jamii, na niliamini kwamba mzee huumia pale ambapo hakuna mtu aliyeketi akapanga. Nikapanga. Wahudumu walikuwa wanne, kila zamu ikapata wawili, na chini ya jedwali nikaandika kanuni niliyofundishwa: asiyeweza kusimama asiinuliwe wala kugeuzwa na mtu mmoja. Mkaguzi alipokuja aliisoma mara mbili, akaandika kwamba nyumba imetimiza kiwango.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nikisaidia kumbadilishia shuka ajuza aliyeletwa kwetu baada ya kuvunjika nyonga. Gogo, ndivyo tulivyomwita, yaani bibi kwa Kikipsigis. Chini ya mgongo wake, mahali mfupa unapokaribia ngozi, niliona kidonda chenye upana wa kifuniko cha soda. Kidonda cha namna hiyo hakiletwi na uzee. Huletwa na kulala bila kugeuzwa.

"Nani hakumgeuza?" niliuliza.

Mhudumu niliyekuwa naye, mama wa makamo, aliendelea kukunja shuka. "Siku niko zamu na yule mwanaume, nitamgeuza na nani? Mgongo wangu umeisha, madam."

"Lakini mko wawili."

"Tuko wawili kwa karatasi. Kwa gogo niko peke yangu."

Mwanamume tuliyekuwa naye kazini alikuwa mmoja tu, mwenye nguvu kutushinda sote. Nilimkuta uani akimnyoa mzee mmoja ndevu.

"Binti ya gogo ndiye mke wangu," alisema bila kuniangalia. "Nitashikaje mwili wa mama mkwe? Hata akisikia nikikohoa mlangoni anajifunika uso."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, madam. Ulibandika karatasi, tukaisoma."

Mzee aliyekuwa akinyolewa alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni. "Huyu ni mtoto wa duka," akasema. "Kwao mkwe ni customer tu."

Wazazi wangu walihamia Kericho kutoka Mkoa wa Kati, wakafungua duka, nami nilikua nyuma ya kaunta nikiwauzia watu hawa hawa sabuni na sukari. Lugha yao niliijua kiasi cha kusalimu na kuitikia. Nani haruhusiwi kumgusa nani, sikuwahi kuuliza, na chuoni hakuna aliyenifundisha kuuliza.

Nilijaribu kumhamishia yule mkwe zamu nyingine. Kila zamu aliyoingia, gogo alibaki na mtu mmoja. Basi Jumapili baada ya ibada nikaenda mbele ya kamati ya kanisa linaloendesha nyumba yetu kuomba mhudumu wa tano. Wengi wao walikuwa wakulima wa chai, wamechoka, lakini walinisikiliza kwa adabu. Mwenyekiti akafungua ripoti ya mkaguzi, akanisomea mstari ulioisifu kazi yangu.

"Binti yangu, serikali yenyewe imesema mnatosha. Na si wewe ndiye uliyepanga?"

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya, pengine ningepata hasira ya kunisukuma kwa muda.

Tangu siku ile, kila zamu ya mkwe, ninaacha ofisi kila baada ya saa mbili. Yule mama hushika mabega, mimi nyonga.

"Piga magoti kwanza, usivute kwa mgongo," huniambia. "Kwani huko college mlikuwa mnainua godoro tupu?"

Gogo hutuachia mwili wake kama mzigo usio wake, macho ameyafumba. Ripoti zangu zimerundikana. Kidonda hupungua wiki moja, wiki inayofuata kingo zake zinalowa tena.

Jana mkwe alinisubiri nyuma ya jiko.

"Kimefunga?"

"Bado."

"Kimekuwa kikubwa?"

"Hapana. Kiko vilevile."

"Nyumbani mke wangu ananiuliza kila jioni," alisema. "Nimwambie nini?"

Nikamwambia aseme kwamba gogo amegeuzwa saa nane, na atageuzwa tena saa kumi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wazee wake. Zilikuwa zimebaki dakika tano kufika saa kumi, nami nikaenda kunawa mikono.