Ramani ya Kibanja cha Mama

Ninayo ramani ya kibanja cha mama yangu. Niliichora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba, miaka kadhaa iliyopita, baada ya ugonjwa wa mnyauko kupita kijijini kwetu wilayani Muleba na kutulazimisha kung'oa karibu kila mgomba. Tulipopanda upya, mama alitangulia akitaja jina la kila mche, nami nikamfuata na penseli na futi kamba. Entobe karibu na jiko. Enshakala kando ya mikahawa. Mstari wa tatu aliujaza enchoncho, ndizi anayoipenda kuliko zote, na mwisho wa mstari huo, upande wa bonde, akapanda shina moja la embire. Embire ni ndizi chungu. Haipikwi, kazi yake ni kuivishwa na kukamuliwa maji ya kutengenezea pombe. Niliitia alama ya msalaba kwenye ramani ili mtu asikosee.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Nina chumba Miembeni, mjini Bukoba, na ninaishi Kahororo. Ufundi huu sikuusomea darasani. Niliupata kwenye vitabu vya kuazima na kwa kufungua mizani mbovu, moja baada ya nyingine, nikiandika kila skrubu ilikotoka. Naeleza haya ili ieleweke kwa nini niliiamini ile karatasi.

Mwaka jana mama alilazwa kwa homa ya mapafu. Siku ya Jumatatu alipopewa ruhusa ya kutoka, daktari aliniita pembeni.

"Dawa zimefanya kazi yake," alisema. "Kilichobaki ni chakula. Ukiona wiki imekwisha na bado hali, mrudishe hapa. Usisubiri."

Nilimtazama mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akiningoja. Kitenge chake, ambacho zamani kilimtosha kwa shida, sasa kilimzunguka mara mbili. Nilifunga chumba changu cha kazi, tukaenda kijijini.

Mke wangu alikuwa Mwanza kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua, na dada sina. Jirani yetu, bibi mmoja Mlutheri ambaye ni rafiki wa mama tangu wote walipoolewa, angetusaidia kupika kwa furaha, ila alikuwa ameteleza kwenye njia ya kisima na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Kwa hiyo mpishi nilikuwa mimi.

Siku mbili za kwanza nilijaribu kila nilichokijua. Nilipika uji wa ulezi. Alikunywa vijiko viwili. Nilinunua sato aliyevuliwa usiku huohuo, nikachemsha na nyanya na limau. Alikunywa maji ya supu, samaki akamsukuma kando. Nilichoma numbu, vile viazi vidogo vya kwenye nyika yetu, ambavyo nilipokuwa mtoto nilidhani hakuna kitu kitamu kuliko hivyo duniani. Alikishika kimoja, akakinusa, akanirudishia. Hata kahawa ya kutafuna, ambayo jirani alimletea kwenye kikapu kidogo kama mgeni anavyopokewa kwetu, hakuigusa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikuwahi kumwona mama akikataa kahawa.

Nilikuwa na kopo la senene waliokaushwa, nikalifungua mbele yake.

"Wana nguvu kuliko nyama, mama."

Alinitazama kwa ukali, na kwa kweli nilifurahi kuuona ukali ule. "Tangu lini mwanamke wa umri wangu akala senene?"

"Siku hizi wanawake wote wanakula. Wajukuu wako wanagombania."

"Wagombanie. Mimi nimewachambua mbawa na miguu miaka yote hiyo, nikawakaanga, nikampa baba yako na ninyi. Sikula nilipokuwa na meno yote, nianze leo?"

Nilifunga kopo. Nilikumbuka misimu ya senene ya utotoni, jinsi tulivyotia mikono kwenye sahani na kujaza midomo, na yeye amekaa pembeni na ungo mwingine mapajani, akichambua. Sikuwahi kumuuliza kama alitamani. Sikumbuki hata kama nilimshukuru.

"Basi sema unataka nini," nilimwambia.

"Ebitoke," alisema, ndizi zetu za kupika.

"Nitakwenda sokoni asubuhi."

"Vya sokoni vimekatwa vichanga. Nataka enchoncho ya kibanjani kwangu, na maharage." Akafumba macho. "Lakini nani atamenya?"

Swali hilo lina uzito kwetu. Mwanamume hukata mkungu, huufikisha kwenye mlango wa jiko, na kazi yake huishia hapo. Baba yangu alifariki bila kumenya ndizi hata moja. Mimi mjini napika wali na ugali na hakuna anayeniuliza, ila kushika kisu cha kumenyea ndani ya jiko la mama, naye akiwa hai na anasikia, ni jambo jingine. Nilimjibu kwamba nitamenya mimi.

Jumatano asubuhi nilichukua ramani na panga. Mstari wa tatu, shina la nne, enchoncho. Nilihesabu hatua kama zilivyo kwenye ramani, mara mbili. Mgomba ulikuwa na mkungu uliokomaa, ndizi zimejaa na pembe zake zimekwisha. Niliukata, nikaufikisha kwenye mlango wa jiko, nikavuka mlango.

Utomvu ulinigandisha vidole. Nilipokuwa nikimenya niliona vidoa vidogo vya kahawia ndani ya nyama ya ndizi, nikadhani ni kutu ya kisu, nikabadilisha kisu. Vidoa viliendelea. Niliziosha ndizi kwa maji safi mara mbili. Maharage yalipolainika nusu nilizipanga juu yake, nikaweka kitunguu, nyanya chungu na samli. Chumvi niliipima kwa mizani ndogo niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Nilipitisha jani la mgomba juu ya moto mpaka likanywea, nikafunika sufuria, nikaacha vitokote taratibu. Sikuonja. Kwetu chakula cha mgonjwa na mkubwa hakitanguliwi na mdomo mwingine, na nilitaka kuheshimu hilo.

Jirani alifika wakati sufuria inatoa harufu.

"Hodi! Leo moshi wa jiko hili una ndevu!" alipaza sauti toka nje. "Mpishi yuko wapi nimwone?"

"Karibu, mama. Niko hapa."

"Na aproni umevaa? Wakatoliki hawa!"

Nilitandika jani kwenye mkeka kando ya kitanda, kama tulivyokula zamani, nikamwaga ebitoke katikati, mvuke ukapanda. Nilimwinua mama na mto mgongoni. Alifanya ishara ya msalaba, akachukua kipande, akatia mdomoni. Nilikuwa naangalia taya lake. Lilisogea mara moja, likasimama. Kisha akatema kiganjani.

Nilianza kuhesabu siku: Jumatano, imebaki Alhamisi, Ijumaa, mwisho wa wiki, halafu ni kumrudisha. Kama chakula alichokiomba kwa jina lake kimemshinda, nitampa nini tena?

Jirani akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kipande, akatafuna. Uso wake wote ukajikunja.

"Waitu!" alipiga kelele. "Mwenzangu, huyu amekupikia pombe!"

Mama alicheka. Kicheko kilianzia kifuani kama kikohozi, nami nikaruka kumshika nikidhani ni mapafu, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Embire na maharage," alisema. "Tangu nizaliwe sijaona. Umeukata wapi?"

"Mstari wa tatu, shina la nne. Ramani inasema enchoncho."

"Hebu lete hiyo karatasi."

Aliishika, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Hii uliichora lini?"

"Siku ulipopanda."

"Na mgomba ulikuahidi utakaa palepale? Mgomba unatembea, baba. Mama mgomba anazaa ubavuni, mtoto anasimama hatua moja kutoka alipokuwa mama yake, na mtoto wa mtoto hatua nyingine. Enchoncho yako ya nne imepanda juu, imewafuata wenzake. Embire imetoka bondeni na kukaa mahali pake." Aliniwekea karatasi mkononi. "Niinue."

"Uende wapi?"

"Kibanjani. Au utachora nyingine kwanza?"

Tangu tutoke hospitali alikuwa hajafika mbali zaidi ya choo. Alijishikiza kwangu upande mmoja na fimbo upande mwingine, jirani akifuata nyuma na maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Tulikwenda polepole, tukipumzika kwenye kila shina la pili. Mama aligusa kila mgomba na kuutaja. Tulipofika kwenye kisiki kibichi cha mgomba nilioukata, aliniagiza nikate kwa upana ndizi moja changa ya mgomba mwingine uliosimama ubavuni pake, uliotoka kwenye shina hilohilo.

"Unaona hivyo vidoa vya kahawia? Ukiviona, usivuke navyo mlango wa jiko."

"Niliviona," nilikiri.

"Ukadhani nini?"

"Kutu ya kisu."

Walicheka tena, wote wawili, wakiwa wameshikana. "Fundi mizani!" alisema jirani. "Kapima mpaka chumvi!"

Hatua tatu juu zaidi mama aliweka kiganja kwenye mgomba wenye mkungu mdogo. "Huu ndio enchoncho yako ya nne." Niliukata. Nilikata ndizi moja kwa upana kabla ya kuambiwa. Nyama ilikuwa nyeupe tupu.

Tuliporudi hakutaka kitanda. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, akadai kisu. Alimenya ndizi tatu, ganda likitoka kwa vipande virefu bila kuchukua nyama. Mikono ikachoka, akanikabidhi kisu akaendelea kwa mdomo.

"Usichonge. Unamenya ndizi, huchongi mpini."

Chumvi alinionyesha kwa kiganja chake, siyo kwa mizani. Vilipoiva aliniamuru nionje kwenye sufuria, mbele yake.

"Mgonjwa anaanza, mama."

"Mgonjwa ameshaanza, akala embire. Onja."

Nilionja. Vilikuwa laini, na utamu ule usio wa sukari ambao sijaukuta kwenye ndizi za mahali pengine popote nilipokula. Nilimpakulia. Alikula. Nilihesabu kwa sababu nisingeweza kuacha kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, na maharage yake. Alipumzika kidogo, akapangusa vidole kwenye jani.

"Kesho uweke samaki," alisema.

Nilitoka nikasimama nyuma ya jiko, karibu na pipa la maji, mpaka nilipoweza kurudi ndani nikiwa na uso wa kawaida.

Alhamisi niliweka sato. Ijumaa ikawa dagaa. Kila siku alimenya ndizi zaidi ya jana yake na kunikosoa zaidi ya jana yake. Ule mkungu wa embire, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa bado haijamenywa, alikataa usitupwe. Nilichimba shimo, nikalipasha moto, nikatandika majani, nikazifukia ndizi hizo ziive.

Jumapili jioni nilifungasha mfuko wa hospitali: blanketi, kikombe, kadi yake. Sikuuamini ushindi mpaka siku ya mwisho ipite. Jumatatu asubuhi tulifukua shimo, nikakanda ndizi mbivu na nyasi kwa mikono kwenye beseni na kuchuja. Ilitoka omuramba, maji matamu ya ndizi kabla hayajachacha, yakatosha jagi moja. Jirani alikuja na kikombe chake mwenyewe, akasita mlangoni.

"Mimi Mlutheri mnanipa nini humo?"

"Leo ni omuramba, ni wa Walutheri," mama alimjibu. "Kesho ukichacha utakuwa rubisi, utakuwa wetu."

"Basi nijazieni leo."

Walikunywa wakiwa wamekaa mlangoni. Kisha mama akaingiza mkono kwenye kile kikapu kidogo, akampa jirani punje za kahawa kama mwenye nyumba anavyompa mgeni, akanipa mimi, akatia ya kwake mdomoni na kuanza kuitafuna. Ndipo alipouona mfuko uliokuwa kando ya mlango.

"Huo wa nini?"

"Wa kurudi hospitali. Daktari alisema wiki ikiisha…"

"Nani anaumwa?"

Nilitazama kitenge chake, kilichokuwa bado kinamzunguka mara mbili. Nilitazama taya lake likitafuna.

"Hakuna, mama."

"Basi fungua huo mfuko, utoe blanketi nilikalie, kigoda kinaniumiza. Halafu kakate jani la kufunikia sufuria. Usiende na karatasi."