Viatu vya Profesa

Shule niliishia darasa la tatu, lakini majina sisahau. Waliomcheka mjukuu wangu kule Isevya, Tabora mjini, ati kashindwa kuchagua kazi moja, nawajua wote, na baba zao nawajua. Sitawaandika. Wakisoma watajijua wenyewe.

Huyo mjukuu nimemlea mimi. Anafundisha chuo kikuu habari za chembe ambazo vumbi mbele yake ni jabali. Alinieleza tukifunga majani ya tumbaku kwenye fito. Kuna watu wa kalamu, wanakokotoa chembe itafanya nini. Kuna watu wa mitambo, wanazigonganisha hizo chembe na kuangalia zimefanya nini. Yeye anafanya kote kuwili. Basi kamati ya chuo ikamwandikia: chagua upande mmoja, la sivyo mkataba unaisha.

Alikuja hapa kijijini kwetu Goweko na barua hiyo. Usiku akaandika jibu la kukataa, kisha akalificha kwenye begi. Mtoto niliyemlea mimi, anaogopa karatasi!

Siku ya tatu akapita mkuu wake, profesa, mtu wa pwani. Alikuwa na kazi Tabora mjini, akaona aibu kuondoka bila kunisalimu, akaja ili treni ya kurudi aipandie stesheni yetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

Moyo wangu ukacheka. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani nitamwambia neno lolote, nitachukua chake chochote, na akinuna aibu ni yake. Alipovua viatu na kukaa mkekani, nikavibeba nikavikalia.

"Mtani, treni inakuja!"

"Ije. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa hadi kwenu, nyie mmekaa kivulini mnakula nazi. Leo zamu yako kutembea peku."

"Na mlipofika mkaona bahari," akasema, "mkadhani mbuga imefurika!"

Tukacheka mpaka mjukuu akatoka jikoni. Hapo nikamshika profesa mkono, peku vilevile, nikampeleka kwenye bani, nyumba yetu ya kukaushia tumbaku.

"Haya, msomi. Imekauka?"

Akachungulia kipimajoto dirishani. "Kwa joto hili, imekauka."

Nikamgeukia mjukuu. Aliingia ndani, akatoka na jani, akalikunja mshipa wa katikati. Ukapinda, haukuvunjika. Akatazama kuni zilizobaki, akahesabu kwa midomo.

"Bado, bibi. Kwa moto huu, kesho jua likichomoza."

"Umeona?" nikamwambia profesa. "Kashika, na kakokotoa. Sasa niambie, tumkate mkono upi?"

Akainama. "Bibi, si mimi. Ni kamati."

"Kamati haina miguu. Wewe unayo, na viatu ninavyo mimi. Jibu lake la kukataa kalificha kwenye begi."

Treni ikalia mbali. Akanitazama kuona kama natania. Nilikuwa natania, na viatu sikutoa.

"Leteni hilo jibu," akasema. "Nitalipeleka kwa mkono wangu, na nitasema nakubaliana nalo."

Nikamwambia mjukuu, "Lete."

"Bibi, wakinifukuza?"

"Utarudi hapa, tutafunga tumbaku. Lakini nusu ya mtu sikulea mimi. Lete!"

Akalileta. Profesa akalikunja, akatia mfuko wa shati. Viatu nikampa, akakimbilia stesheni amevishika mkononi.

Mkataba walimpa, wa mwaka mmoja tu, kwa kununa. Mwaka ukipita watauliza tena, naye atakataa tena. Wa Isevya waendelee kucheka.

Kesho yake jua lilipochomoza niliingia bani peke yangu, nikachukua jani la juu kabisa, nikalikunja mshipa. Ukavunjika, ka! Nikamwita aje asikie.