Dua ya Baba Mdogo Kwenye Bango la Pikapu

Kwetu Misima msafiri akiomba dua hanyimwi. Hata kama humjui, hata kama jana mligombana, akisema naondoka niombeeni, mzee anainuka, anatia unga kwenye maji, ananyunyiza chini, anawataja waliotangulia, kisha anafunga kwa Fatiha. Katika ukoo wetu mzee huyo ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Mvua ikikawia, yeye ndiye anayesema makaburini.

Wauza magari walilijua hilo. Nani aliwaambia sijui, na laiti ningemjua.

Walikuja Handeni siku ya gulio na pikapu nyekundu, ngoma, maspika makubwa na dada mmoja aliyekariri salamu za Kizigua kama kasuku. Akatusifu mpaka tukavimba: Mzigua jasiri, Mzigua hainami, gari la Mzigua halirudi nyuma. Watu wazima na ndevu zao wakashangilia, maana kusifiwa kuna utamu wake, na mchana ule hakuna aliyeuliza kilichomo chini ya boneti. Kisha wakamfuata baba mdogo pale alipokuwa akiuza kunde. Wakavua kofia, wakampa shikamoo kwa unyenyekevu, wakamwambia dereva wao anarudi Dar na barabara inatisha, tafadhali mzee. Akaomba unga kwa jirani, akamwombea yule dereva. Wenzake walikuwa wameinua simu muda wote. Wakamwachia fulana, wakaondoka.

Baadaye nilikwenda Korogwe kununua mabati. Pale Old Korogwe nikainua macho, nikamwona baba mdogo kwenye bango, mikono juu, unga vidoleni, na nyuma yake pikapu ambayo hakuwahi kuisogelea. Chini yake waliandika kwamba wazee wameibariki. Ng'ambo ya barabara palikuwa na bango jingine: mzee wa milimani ndani ya koti zito, mikono juu vilevile, pikapu ileile, na maneno kwamba gari la Msambaa halirudi nyuma. Biashara ina ujanja wake, najua. Muuza nyanya naye huweka nzuri juu, mbovu chini. Lakini hawa juu waliweka marehemu wetu tunaowataja kwenye dua.

Nyumbani nilipanga kunyamaza, ila picha ilinitangulia kwa simu. Vijana wa bodaboda wakawa wanamwinulia baba mdogo mikono akipita, kwa utani, naye akawa anapita njia ya nyuma.

Kilichomuumiza zaidi kilikuja na jirani yetu mnunuzi wa mahindi. Aliuza maksai wake wote akanunua ile pikapu. Ikamfia korongoni, kwenye mchanga, na kipuri chake hakikupatikana Handeni wala Korogwe. Kule ofisini kwa wauza magari simu haikupokelewa. Alikuja, akaamkia, akaketi. Baba mdogo akamweleza taratibu kwamba alimwombea dereva, hakuombea gari, na kwamba hakujua kama anapigwa picha.

"Najua, baba," jirani akasema. "Lakini mimi nilikuona wewe. Gari wala sikulitazama."

Hakuja kulaumu, na hilo ndilo baya. Angetukana, tungemtukana, yakaisha. Alikunywa maji, akaaga vizuri, na mimi nikabaki nawalaani watu wenye mashati yaliyopigwa pasi ambao hawatasikia laana yangu hata siku moja.

Mwaka huo vuli ikakawia. Tukaenda makaburini ukoo mzima, unga ukachanganywa, baba mdogo akapewa kibuyu. Akamkabidhi binamu yake, ambaye majina ya waliotangulia hajui hata nusu.

"Sema wewe," akamwambia. "Mimi mdomo wangu umeshauzwa."

Binamu akaanza kwa kusitasita. Akakosea jina la babu, na baba mdogo hakumsahihisha.