Nepi Sita Juu ya Seva ya Maziwa

Naandika hili hasira bado zimenijaa, na aibu yake sijui nitaivua lini, maana juzi tu nimepita sokoni mtu kaniuliza kwa sauti, "Mama Neema, nepi zimekauka?"

Mimi ndiye ninayepokea maziwa kwenye kituo chetu huku Ikuti. Tuna mizani, tuna tangi la kupozea, na juu ya kabati kuna seva, kisanduku cheusi, na kikizima hicho mizani haisomi na maziwa hayapokelewi. Kila kituo kina seva yake moja tu, na zote zinasimamiwa kutoka Mbeya, kwenye mashine kubwa kadhaa zinazofanya kazi pamoja, na fundi wake anaitwa Erasto (huku hajawahi kukanyaga, tunamjua sauti tu).

Sasa wiki ile mvua ilikuwa haikatiki, nepi za mwanangu zina siku tatu kwenye kamba na bado zinachuruzika maji, na kile kisanduku kinapuliza hewa ya moto kutwa nzima, nikaona nianike mbili tu. Mbili zikawa sita. (Msinicheke, nyie nguo mnakaushia wapi?)

Saa nane na robo mchana, foleni imefika barabarani, mizani ikazima. Lori la maziwa linapita saa tisa na halisubiri mtu. Nikagusa seva, inaunguza! Mwenye akili angetoa nepi. Mimi nikaona watu wa dirishani watanicheka, nikazifunika na kitenge.

Simu ikaita. Erasto.

"Dada, seva yako siioni huku. Kuna nini?"

"Umeme umekatika, kaka."

Redio yetu kwenye kona nayo, kwaya imepamba moto.

"Umeme umekatika na hiyo kwaya je?"

"Redio ya betri hiyo."

Bibi Tusekile, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akadakia, "Gwe! Betri gani, mwanangu, na waya si huo hapo ukutani?" Foleni nzima ikaangua kicheko, na Erasto kasikia kila kitu.

"Dada, kuna kitu juu ya mashine?"

"Hamna! Imeungua tu yenyewe, imekufa."

"Una uhakika? Nikiiandika imekufa naifuta kwenye orodha, hata ikiwaka huku haitatambulika mpaka niisajili upya."

"Nina uhakika," nikasema, kwa ukali kabisa, kama vile yeye ndiye mwongo.

Nakata simu, Mzee Mwakalinga, mwenyekiti wetu wa ushirika, ameshaingia, ameshavuta kitenge, na ameinua nepi moja juu mbele ya dirisha. "Hii nayo ni ya ofisi?"

Nilitamani sakafu ipasuke, nikazikusanya zilizobaki. Haikupita robo saa seva ikapoa, ikawaka, taa zote za kijani, nikapiga kelele za furaha, lakini mizani ikaandika kwamba kituo hakitambuliki. Ikabidi nimpigie Erasto, mwenyekiti akaniamuru niweke sauti ya nje, na nikasema neno nepi mbele ya wakulima wote. Erasto akasema, taratibu, "Ungeniambia ni joto ningekwambia zitoe, usubiri ipoe, basi. Sasa kuisajili ni zaidi ya saa moja."

Ilikuwa saa nane na nusu. Lori likaja, dereva akachungulia tangi, akaondoka na ya asubuhi tu. Mizani ilirudi wakati vumbi lake limeshatulia, namaanisha tope.

Na nina hasira na hao wa Mbeya, nasema wazi: mnatuletea mashine, mnatukataza tusiizime, hamsemi kwamba inapumulia kwa juu! Lakini nepi zilizima mizani robo saa tu. Lori tumelikosa kwa ajili ya mdomo wangu.

Nilimbebea Bibi Tusekile ndoo yake mpaka kwake, maziwa ya ng'ombe mmoja anayemtegemea, yanarudi yalikotoka. Njia nzima hakunisema. Tulipofika akanionyesha jiko lake la kuni, moto unawaka.

"Ungesema tu, mwanangu. Tungezianika hapa."

Ningegombezwa ingeniuma kidogo kuliko hiyo. Tangu siku hiyo Erasto akiuliza kuna nini, namwambia kilichopo, hata kama ni cha kuchekesha, hata foleni ikiwa imefika Tukuyu.