Radhi ya Maalim Jamaldin

Swafia alikuwa akisomesha historia ya pwani katika chuo kikuu kimoja cha Mombasa, na kwa miaka mingi sauti yake haikuvuka mlango wa darasa. Mpaka siku alipowaeleza wanafunzi kwamba vyumba vya chini vya nyumba fulani ya Mji wa Kale viliwahi kufungiwa watumwa, akaitaja nyumba yenyewe. Mmoja akamrekodi. Kabla ya sala ya Ijumaa, maneno yale yalikuwa kwenye kila simu, kutoka Ngome ya Yesu hadi Marikiti.

Chuo kikamsimamisha. Akitaka kurudi, ayakanushe aliyoyasema. Akakataa katakata.

Balaa ni kwamba nyumba ile ilikuwa ya Maalim Jamaldin, aliyemsomesha Kurani utotoni.

"Nenda kamtake radhi," akasema shangazi yake, Mwanaesha.

"Kwa kosa gani, shangazi? Nimesema kweli."

"Nani kakuuliza kweli? Fimbo zake ulizila bila kuuliza kosa, leo radhi ndiyo yakukwama kooni?"

Swafia akacheka, mara ya kwanza tangu asimamishwe. Kwao, mwanafunzi humwendea maalim wake hata haki ikiwa yake, kwa kuwa elimu isiyo na radhi haina baraka. Ni adabu, si kukiri. Akavaa buibui, akaenda, akaketi mkekani mbele ya mzee, kichwa ameinamisha.

"Nimekuwia radhi, mwanangu," akasema maalim. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alinihadithia hayo hayo. Ila yeye alifunga mlango kwanza."

Mlango siku ile ulikuwa wazi, na Sufyan, mpwa wa mzee, alikuwa amekwisha kupiga picha.

Jumatatu Swafia akaitwa na Ngowa, mkuu wa idara.

"Karibu tena kazini, dada. Wakubwa wameiona picha. Wanasema umejirudi, yamekwisha."

"Nilikwenda kwa maalim wangu, Bwana Ngowa. Sikufuta hata neno."

"Mimi nakuelewa. Wao hawana haja ya kuelewa. Ukiwasahihisha, unatoka leo. Na sura ya utumwa wameshaiondoa kwenye mtaala, uwepo usiwepo."

Swafia akajiambia kwamba mwalimu aliye darasani ni afadhali kuliko aliyefukuzwa. Akashika njia ya darasani.

Huko, mwanafunzi mmoja, Kache, akasimama kabla hajasalimiwa. Ukoo wake ulitokana na watumwa waliotoroka kisiwani wakajificha bara, na tasnifu yake ilikuwa juu yao.

"Mwalimu, watu wasema ulikwenda kuomba msamaha kwa kutuambia uongo. Ulituambia uongo?"

Jibu lilikuwa neno moja. Swafia akachukua chaki.

"Leo tunaanza ujenzi wa reli," akasema.

Wengine wakafungua madaftari. Kache akakusanya vitu vyake taratibu.

"Nyanya alinikanya," akasema. "Alinambia watu wa mjini hawatatusemea."

Akatoka. Swafia akageukia ubao, akaandika mwaka reli ilipoanza, na darasa zima likaunakili.