Nilipomsimamisha Ouko

Laiti ningesema hapana alasiri ile kule Karungu, wavulana wenzangu waliponisukuma mgongoni na kuninong'oneza, "Msimamishe," leo ningeweza kusikia nyuzi za nyatiti bila kutafuta mlango wa kutokea. Lakini nilisimama. Nakumbuka harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa juu ya nyavu ufukweni, ikichanganyika na moshi wa vyungu vya matanga. Nakumbuka pia mlio wa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa ndugu yangu, ikigonga ubao wa nyatiti, ko, ko, ko, kwa mpigo ambao mguu ule haukuwahi kuupata ulipotembea.

Ouko alikuwa mdogo wangu. Degedege lilimpata angali mchanga, likamwachia mguu wa kuburuta na mkono wa kulia uliokunjamana kifuani kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Watoto wa kwetu hawakuhitaji kutafuta mbali jina la kumpa: Mguu wa Kuku. Mama alimpeleka kwa waombezi, akampeleka kwa waganga, mwisho akachoka. Aliyekataa kuchoka ni babu, mpiga nyatiti aliyeitwa kwenye misiba kutoka Karungu hadi Macalder. Babu hakuwa mpole. Alimkalisha Ouko kwenye kigoda, akamvisha pete, akauweka ule mkono juu ya nyuzi nane alizotengeneza kwa mishipi ya kuvulia, na Ouko alipolia akamwambia, "Lia, lakini usiache kupiga." Majirani walisema mzee anamtesa mtoto. Kiangazi chote kile, kila asubuhi kabla ya somo, kazi yangu ilikuwa kuupaka mkono samli ya vuguvugu na kuvikunjua vidole kimoja kimoja. Ouko alifumba macho kwa maumivu na kusema, "Polepole, omera," yaani ndugu yangu.

Mvumilivu hula mbivu. Siku moja kidole chake cha shahada kilinyanyuka chenyewe kuufuata wimbo, bila ya mimi kukigusa. Baadaye kikafuata cha kati. Kufikia mwisho wa kiangazi alikuwa akishika kijiko, na siku aliyojifunga kifungo cha shati, mama alikwenda kulilia jikoni. Hata hivyo kulikuwa na jambo tulilolijua sisi watatu tu, babu, Ouko na mimi. Ouko akianza kupiga, wimbo uliuvuta mkono ukafunguka; akikatizwa katikati, mkono ulijifunga kama konokono aliyeguswa, na haukufunguka tena bila samli na kazi ya muda mrefu. Na kwetu mpiga nyatiti hukatizwa. Ndiyo desturi. Mtu yeyote kwenye matanga anaweza kumsimamisha, akatupa sarafu, akajisifu na kuwakejeli wenzake huku umati ukicheka, kisha mpigaji huzichukua sifa zile na kuziimba. Kwa hiyo babu alipokubali Ouko apige kwa mara ya kwanza mbele ya watu, kwenye matanga ya shemeji yake, aliniita kando. "Kaa ubavuni pake. Akija mtu kujisifu, mwambie huyu bado mwanafunzi, angoje wimbo uishe. Wewe ndiye mlango wake."

Nilikaa. Ouko alipiga vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakatikisa vichwa, na mjomba mmoja ambaye hakuwahi kumsalimia alikuja kumgusa bega. Mimi nilikuwa na vidole kumi vizima, na babu hakuwahi kuniruhusu niguse hata uzi mmoja. Hakuna aliyenitazama. Aliyenitazama ni Okello, mvulana mkubwa tuliyechunga naye ng'ombe, na wenzake walikuwa nyuma yake.

"Unalinda mfalme?" aliniuliza. "Yeye anashangiliwa, wewe unanuka samli."

"Niache."

"Una haki kama mtu yeyote hapa. Msimamishe. Ama umekuwa boi wa Mguu wa Kuku?"

Nikasimama, nikapaza sauti, "Simamisha hapo!" Ouko akasimamisha mara moja, akanigeukia akitabasamu. Alidhani nataka kujisifu kuwa ndugu wa mpiga nyatiti. Nikatupa sarafu aliyonipa Okello, nikasema, "Mimi ndiye kaka wa Mguu wa Kuku! Mimi ndiye vidole vyake! Leo mnamshangilia, lakini suruali hiyo nimemfunga mimi, na akienda chooni nampangusa mimi!"

Umati uliangua kicheko. Mwanamke mmoja alijipiga paja, akasema, "Uwi! Huyu mtoto ana mdomo!" Walicheka kwa sababu hiyo ndiyo raha ya matanga yetu, na hawakujua nililolijua. Okello akapiga kelele, "Haya, imba! Mwimbie kaka yako!" Ouko aliunyanyua mkono, lakini ulikuwa umekwisha kujifunga. Akajaribu kuvikunjua vidole kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wote, na wavulana wakaimba, "Kuku amelala! Kuku amelala!" Ningeweza kupiga magoti nikamkunjulia. Nilicheka pamoja nao. Mwishowe aliupiga mkono ule kwenye nyuzi kama mtu anayepiga nyoka, uzi mmoja ukakatika, na kicheko kikazidi. Babu alitoka nyuma ya nyumba alikokuwa akila na wazee wenzake. Hakunipiga. Aliniambia tu, "Nilikuweka mlango, nawe ukawafungulia."

Kesho yake nilimpelekea Ouko samli. Aliuficha mkono kwapani, akasema, "Usiniguse." Hakukubali kuguswa na mwingine yeyote, wala kuketi tena kwenye kigoda kile. Babu alimbembeleza, mtu asiyejua kubembeleza, hadi akafa, na mchwa wakakila chombo. Ouko alipokua alihamia kwa dada yetu aliyeolewa huko Kehancha. Nilipokwenda kumtembelea aliniamkia kwa jina langu kama anavyoamkiwa karani, kisha akachukua sahani yake akala peke yake nje, kwa mkono wa kushoto.

Sasa mimi ni mzee, na wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu Akinyi alizaliwa na viungo vilivyokaza. Nampeleka Homa Bay, kwenye chumba chenye madirisha makubwa ambamo watoto na vijana wa namna yake hufundishwa nyatiti ili mikono yao ifunguke. Mwalimu wao ni msichana, jambo ambalo enzi za babu lisingewezekana. Siku hizi kupiga huko kunaitwa tiba, na hakuna anayecheka. Juzi mwalimu aliniambia, kwa heshima apewayo mzee, "Jaduong', mkiwa nyumbani usimkatize katikati ya wimbo." Nilimjibu kwamba najua. Akaniuliza nilijifunzia wapi, nikasingizia kikohozi, nikatoka nje.

Ouko alifariki kabla Akinyi hajazaliwa. Mimi ndiye niliyemwosha. Nilipasha samli, nikajaribu kuvikunjua vidole vyake kama zamani, lakini havikukunjuka, na kucha zilikuwa zimeota ndani ya kiganja. Angeweza kuwa na mkono. Nami ningekuwa na ndugu. Tangu alasiri ile hadi kufa kwake, hakuniita tena omera.